UZI: Skuli twaambiwa mwana ana jini, nyumbani kila usiku ni kipigo. Watu wa Amu tuongee

MwalimuMkomani

Assalaam aleikum. Nasomesha sekondari hapa kisiwani Amu, yaani Lamu, na juu ya vipindi vyangu nimebebeshwa ushauri nasaha, kazi ambayo skuli nyingi hutupiwa yule mwalimu aliyechelewa kufika mkutanoni. Nimeona hapa nyuzi za bandari, za viwanja na za siasa za kaunti. La wana wetu halina uzi, basi naufungua mimi. Majina sitaji na mengine nimeyavuruga makusudi, maana Amu hii ukisema tu "yule wa karibu na msikiti" watu wameshajua hadi mlango.

Kuna mvulana, nikiinua mkono kufuta ubao yeye huinama kabla dasta haijagusa kitu. Sijawahi kumpiga. Kuna mahali amefundishwa kwamba mkono ukipanda utamshukia yeye. Alikuwa katika watatu wa kwanza, sasa yuko mkiani, na walimu wenzangu wamemwandika mvivu kwa sababu analala darasani. Nilipokaa naye, ikatoka kidogo kidogo: usiku halali. Babake akirudi amechafukwa, lazima mtu awe macho amtoe mdogo wao kitandani ampeleke kwa jirani kabla mama hajaanza kupigwa. Kazi hiyo ameichukua yeye. Ana miaka 14.

Mwengine ni msichana. Akipandisha, darasa zima hukimbilia uwanjani. Ameshasomewa, ameshanyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya, na mimi sina ugomvi na dua. Ninachouliza ni hiki: kati ya wote waliomsomea, nani aliyemuuliza nyumba anayolala analala na nani?

Mtoto anayekua ndani ya hofu, mwili wake haupumziki. Kotisoli, homoni ya kutusaidia kukimbia hatari, kwake yaweza kumwagika hata pasipo na hatari. Amigdala, kile kipande cha ubongo kinachonusa hatari, hujifunza kushtushwa na vitu vidogo: mlango kugongwa, sauti kupanda, sahani kuanguka. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kumwambia mtu "ngoja kwanza", hukomaa mwisho kabisa, mtu akiwa ameshapita miaka 20. Kwa hiyo kijana huyu ana kengele inayolia mapema na breki zisizokaza, halafu sisi twamtaka awe na subira kama mzee wa barazani. Akijifungia chumbani asile, twasema ana kiburi. Akirusha ngumi uwanjani, muhuni. Akijikata kwa wembe, anaiga mambo ya kwenye simu. Akishinda maskani, kijiweni kwa vijana, huyo ameshaharibika. Kila mmoja hupewa jina lake, na chanzo chaweza kuwa kimoja.

Msidhani nasimulia nyumba mbili tatu za Amu. Serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi wa nchi nzima mwaka 2010, ikaurudia 2019. Ule wa 2019, karibu nusu ya wanawake na zaidi ya nusu ya wanaume wa miaka 18 hadi 24 walisema walifanyiwa ukatili kabla ya kufika miaka 18: kipigo, matusi ya kumvunja mtu, au ya kingono. Kingono peke yake walikuwa asilimia 15.6 ya wanawake na 6.4 ya wanaume. Miaka tisa nyuma zilikuwa 32 na 18. Yaani zimeshuka, basi tusiambiane ndivyo dunia ilivyo.

Karibuni. Matusi hapana.

Nahodha58

Waaleikumu salaam mwalimu. Maneno yako mazuri, ila sisi tulichapwa. Madrasa bakora, skuli bakora, nyumbani mkanda wa marehemu baba, na tumekuwa watu, tumeendesha majahazi hadi Mogadishu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mchelea mwana kulia hulia yeye. Na dini imeruhusu, mwana akifika miaka kumi akaacha sala apigwe. Wana wa siku hizi hawapigwi, ndio hao wako pwani na unga wa kulevya. Sasa mkanda ndio mbaya au kukosekana mkanda?

Langoni_Fundi

Nahodha kaanza 😂 nakaa chini nisome.

MwalimuMkomani

Nahodha, heshima yako iko pale pale. Kwanza tutenganishe mambo. Hadithi ya sala wanachuoni wameiwekea mipaka: si usoni, pasibaki alama, si kwa hasira, na baada ya miaka mitatu ya kuamrisha kwa ulimi. Bi Aisha amesimulia kwamba Mtume hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Baba anayerudi saa sita usiku akavuta mwana kitandani kwa nywele, hilo halimo katika kitabu chochote.

Pili, "tumekuwa watu". Wewe umekuwa. Wale mliochapwa pamoja, wote wamekuwa? Kule San Diego, Marekani, madaktari wawili, Felitti na Anda, waliwauliza watu wazima maelfu juu ya utoto wao: kupigwa, kutukanwa, kuingiliwa, kuona mama akipigwa, mlevi nyumbani, mgonjwa wa akili, mtu wa nyumbani kufungwa. Majibu waliyatoa 1998. Mwenye mambo manne au zaidi, uwezekano wake wa kuwa mlevi, kutumia dawa za kulevya, kupata sonona au kujaribu kujiua ulikuwa mara 4 hadi 12 ya yule asiye na hata moja. Na hawakuwa watu wa mitaa ya shida, walikuwa na bima na wengi wamesoma.

Kwa hiyo hao wa pwani na unga, kabla ya kusema hawakupigwa, mtu akae nao awaulize.

KijanaAliyerudi

Mwalimu, usiwatafute mbali, niulize mimi.

Nimetumia unga miaka, Amu kisha Malindi. Sasa nakunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, nashukuru Mungu. Watu hudhani mtu huanza kwa kutaka raha. Mimi siku ya kwanza nilichopata si raha, ni kimya. Kwetu baba alikuwa na kikohozi cha mlangoni. Ukikisikia umeshajua leo ni zamu ya nani. Nimehama ile nyumba, baba amekufa, na bado mtu akikohoa nyuma yangu tumbo lilikuwa likikaza. Kete moja, kile kikohozi hakipo. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikikushika kinarudi, na rafiki zake.

Nahodha amesema wana hawapigwi ndio wakaingia unga. Maskani niliyokaa mimi, usiku watu wakianza kusimuliana ya nyumbani, hakuna aliyekuwa na hadithi ya kudekezwa.

Na nitaongeza moja. Sisi kwetu tuko watatu. Mimi niliingia unga. Kaka yangu hajagusa hata sigara, ila mkewe ameshakimbilia kwao na jicho jeusi, na mwanawe mkubwa huyu sasa hapiti karibu na babake, hupita ukutani. Dada yetu anafundisha chekechea, hajapata kumnyanyulia mtoto kidole. Nyumba moja, baba mmoja. Tofauti ninayoiona: dada alikuwa akilala kwa bibi mara nyingi, na bibi alikuwa akimwambia wazi, "Babako anakosa, si wewe." Mimi na kaka hakuna aliyetuambia.

MwalimuMkomani

Ndugu yangu, Mungu akuzidishie.

Hilo la kwenu watatu lina utafiti wake. Cathy Spatz Widom aliwafuata watoto ambao kesi zao za kuteswa au kutelekezwa zilifika mahakamani Marekani kati ya 1967 na 1971, akawalinganisha na wenzao wa umri na mitaa ile ile. Matokeo ya 1989: waliotiwa mbaroni kwa makosa ya utotoni ni asilimia 26 dhidi ya 17 za wenzao, na kwa makosa ya ukatili 11 dhidi ya 8. Mzigo upo, hauna ubishi. Lakini soma upande wa pili: wengi mno wa walioteswa hawakuwa wakatili. Ndiyo maana nakerwa mtu akija kuposa na familia ikasema "huyo babake alikuwa mpigaji, damu hiyo". Kaka yako hakurithi damu. Alionyeshwa kila siku kwamba mwanamume akiudhika nyumbani hufanya vile, na hakuonyeshwa njia nyengine.

Na wasichana nao hujifunza. Aliyekua akiona mama akipigwa na wakubwa wakisema "vumilia, ndiyo ndoa", akipigwa yeye huona ni kawaida. Takwimu za afya za taifa za 2022 zasema asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wamepigwa tangu walipofika miaka 15. Mama wa namna hiyo mara nyengine humaliza hasira kwa mwana, mwana humalizia kwa mdogo wake au mbuzi wa jirani. Ukatili wa nyumbani na ukatili kwa watoto serikali imeviwekea madawati mbalimbali, lakini vyakaa chumba kimoja.

MpwaMalindi

Naingilia kutoka Malindi. Huku likitajwa jambo la watoto kuharibiwa, kidole huenda kwa wazungu wa mahotelini. Wapo, sikatai. Ile ripoti ya serikali na UNICEF ya 2006 ilikadiria wasichana 10,000 hadi 15,000 wanaotumiwa Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani. Lakini ripoti hiyo hiyo ilionyesha kwamba katika wanaowalipa, kundi kubwa kuliko taifa lolote lilikuwa Wakenya wenzetu. Halafu likaja la Shakahola 2023, waumini waliofunga chakula hadi kufa, zaidi ya maiti 400, na kati yao watoto wengi walioletwa na wazazi wao wenyewe. Hatari ya mtoto mara nyingi ina ufunguo wa nyumba.

Mzee_wa_Hindi

[Ujumbe umeondolewa na msimamizi: umetaja jina la mtu na mtaa anaokaa. Mwenye ushahidi apeleke panapostahili.]

UmmuZ

Samahani wandugu, nimesoma yote mara mbili na mikono inatetemeka. Nina mwana wa kike wa dada yangu, miaka 13, amekuja kukaa kwangu tangu mamake aolewe upya bara. Alikuwa mcheshi. Sasa anakojoa kitandani, umri ule. Anampiga mwanangu mdogo bila sababu. Juzi nilimkunja mkono wa kanzu nimpake mafuta nikaona mistari ya wembe, mingine mipya. Mume wangu asema jini, mamangu asema husda. Likizo ikikaribia huugua tumbo kweli kweli, na ananiambia neno moja tu: "Khaloo, nisirudi kule." Nikimuuliza kwa nini, ananyamaza. Nifanyeje? Namuogopea, na naogopea nyumba ya dada yangu.

BintiFaza

Ummu, mimi ni nesi. Nitakuandikia kirefu, wengine mnivumilie.

Usimhoji. Keti naye mkifanya kazi ya mikono, mkichambua mchele au ukimsuka, asilazimike kukutazama usoni. Mwambie, "Nimeona mkono wako, sikukasirikii. Huko hurudishwi bila mimi kujua kuna nini." Kisha nyamaza. Akisema, usiseme "una hakika?" wala "kwa nini hukusema zamani?" Sema unamwamini, na kwamba si kosa lake. Akikuomba iwe siri, usimuahidi. Mwambie utawaambia watakaomlinda tu. Akishatoka kando, andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Asirudishwe kuulizwa na kila shangazi na kila mjomba. Kila akisimulia, anaumia upya.

Muulize wazi kama anafikiria kufa. Watu huogopa kuuliza wakidhani watamtia wazo. Haliingii kwa kuulizwa, na mara nyingi mtoto hupumua akijua kuna wa kumwambia. Akisema ndiyo, asilale peke yake, nyembe na dawa za nyumbani zifungiwe, na umlete hospitali siku hiyo hiyo. Zamani watu walificha kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa jinai. Mahakama Kuu Januari 2025 ilisema kifungu kile cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na Katiba. Mtoto ni mgonjwa, si mhalifu.

Kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, kuumwa tumbo, kumpiga mdogo, kujikata: kila moja laweza kuwa na sababu nyengine, na daktari atapima mkojo kwanza kabla ya kusema lolote. Lakini yakija pamoja, na mtoto anaogopa nyumba moja maalumu, mimi siendi kwa jini kwanza.

Na hili ni la wote wanaosoma. Mtoto akiingiliwa, saa zinahesabiwa. Dawa ya kuzuia HIV ni ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Ya kuzuia mimba hadi saa 120. Asioge, asibadilishe nguo kama inawezekana. Akiwa amebadilisha, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa khaki au gazeti, si nailoni, kwa sababu nailoni hufanya unyevu na ushahidi huoza. Nendeni hospitali kwanza, polisi baadaye, fomu ya P3, ile ya polisi ya kujazwa na daktari, haikimbii. Na mlio visiwani mnajua: maji yakipwa mkondo wa Mkanda haupitiki, mtu wa Pate aweza kupoteza nusu siku anasubiri maji kujaa. Usingoje boti ya kuja Amu kama hospitali ya Faza ni karibu. Anza pale. Saa 72 hazingoji maji.

UmmuZ

Allah akulipe. Nitafanya usiku huu akinisaidia kusonga ugali.

Langoni_Fundi

Huu uzi nilikuja kucheka. Sicheki tena.

WakiliBarazani

Naweka ya sheria, kwa sababu najua kitakachofuata. Litakapotoka, watakuja wazee watatu wenye vikofia safi kusema tuyamalize nyumbani, tusitie doa ukoo. Pengine kutakuwa na mbuzi, pengine bahasha, pengine maneno ya kumuoza binti.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006: mtoto wa miaka 11 au chini, aliyemuingilia ni kifungo cha maisha. Wa 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20. Wa 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Na kifungu cha 40 chasema uamuzi wa kusimamisha upelelezi au mashtaka ni wa Mwanasheria Mkuu, kazi ambayo chini ya Katiba ya 2010 iko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Maana yake mama hawezi kuifuta, mzee wa mtaa hawezi, na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, hawezi. Mahakama ya Kadhi nayo, kwa ibara ya 170, ni ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mwanamke anayepigwa ataomba faskhi, yaani kuvunjiwa ndoa, kule na atasikizwa, lakini jinai ya mtoto haipelekwi pale.

Kipigo nacho: ibara ya 53 ya Katiba yamlinda mtoto na ukatili wa kila aina pamoja na adhabu za kinyama. Kiboko skuli kimepigwa marufuku tangu 2001, walimu wa humu wanajua wenyewe kama kimekoma. Kuripoti hakuhitaji ruhusa ya mume wala ya mzazi mwengine. Piga 116, ni bure, saa zote, ni ya watoto. 1195 ni ya ukatili wa nyumbani. Afisa wa watoto yupo kaunti.

Ninachokerwa nacho ni neno sitara linavyotumiwa. Sitara ni ya aliyedhulumiwa, asianikwe. Sisi twamsitiri mdhulumu, kisha mtoto twamrudisha kulala nyumba ile ile.

Nahodha58

Wakili, mimi nimekaa kwenye suluhu kama hizo. Hayo ya bahasha umesema kweli, nimeyaona kwa mato yangu. Lakini usitutie wote kapu moja. Wapo wazee wakimwita kijana mpigaji mke wakamkalisha, akaogopa wao kuliko polisi.

WakiliBarazani

Nakubali, Nahodha, na wazee hao twawataka. Mume anayeanza kunyanyua mkono, wazee wakimkemea mapema, mkewe akiwa ameulizwa faraghani na yuko salama, hiyo ni kinga kubwa. Mtoto aliyeingiliwa au kuvunjwa mkono ni jambo jengine. Hapo kazi ya mzee ni kumsindikiza mama kituoni ili asirudishwe mlangoni na askari wa zamu.

KijanaAliyerudi

Na jengine, walimu. Mkimfukuza skuli kwa utoro au sigara, mnamrudisha alikokimbia saa nane kamili za mchana. Mimi walinifukuza Jumatatu. Maskani ilinipokea siku ile ile.

MwalimuMkomani

Hilo nalipeleka kwenye mkutano wa walimu kama lilivyo. Yule mvulana wangu wa dasta sasa amepewa ruhusa ya kulala kipindi cha mwisho kwenye chumba cha vitabu. Mwalimu wa Hesabu alipinga akasema tunamlea uvivu. Jirani amekubali mdogo awe analala kwake moja kwa moja, na mama ameongea na afisa. Babake bado yuko nyumbani. Sijui nusu nyengine ya hadithi itakwendaje, ila mtihani wa wiki hii kaandika ukurasa mzima.

UmmuZ

Amesema. Si yote, lakini amesema ni nani. Nimepiga 116, wameniunganisha na afisa wa watoto, na leo hospitali wametupokea vizuri, tena faraghani. Dada yangu analia kwenye simu, mara ananiamini, mara ananitukana. Wazee wa upande wa yule mtu wametuma salamu, wanakuja Alhamisi baada ya isha. Mume wangu sasa asema nisiwafungulie.

WakiliBarazani

Wafungulie barazani, si ndani. Mtoto asiwepo nyumbani jioni hiyo, alale kwa mtu unayemwamini. Usitie saini karatasi yoyote, usipokee kitu hata cha shilingi kumi, na mwambie afisa leo kwamba wanakuja.

Nahodha58

Nao wakianza habari za ukoo, waulize wangapi kati yao wangemrudisha binti yao kule kesho asubuhi. Ya mkanda, mwalimu, mimi na wewe bado hatujapatana. Hili sina la kubisha.

BintiFaza

Ummu, miadi ya pili msiikose hata ukimwona amechangamka. Wiki za mwanzo hupanda na kushuka: ataota vibaya zaidi, pengine atakugombeza wewe uliyemsaidia. Usimlipe kwa hasira. Shuka zake fua bila kusema neno, mdogo wake apewe kitanda chake mwenyewe, na kabla hajalala mwambie kesho mtakula nini na nani atampeleka skuli. Nikiwa zamu Jumanne uliza dirishani, nitakupokea.